Muhula mmoja wa usonara chuoni: uzoefu wangu mimi fundi simu

Mimi ni fundi simu Kariakoo, huu mwaka wa tisa. Kilichonipeleka chuo ni pete ya mama. Ni pete ya fedha aliyoachiwa na bibi yake, ikakatika upande wa kiganjani, pale inapolika kila siku kwa sufuria na sabuni. Nikaona hilo si la kumlipa mtu. Pasi ya kuchomelea ninayo, waya wa risasi ninao, na kila siku naunga vitu vidogo kuliko hivyo. Nikaiunga. Ilishika kama mwezi, ikaachia. Nikampelekea sonara mmoja mzee. Aliigeuzageuza chini ya taa, akaona doa la kijivu, akanirudishia. "Mwanangu, hii umeitia risasi. Nikiitia motoni italiwa na risasi, itoboke."

Nilirudi nayo nyumbani nimeifunga kwenye leso. Miezi michache baadaye nikajiandikisha kozi ya jioni ya usonara katika idara ya sanaa ya chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Muhula mmoja, siku tatu kwa wiki, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Jina la chuo naliacha, maana malalamiko ninayo na nitayasema. Naandika kwa ajili ya mtu anayejiuliza kama inafaa kulipa ada ya chuo kwa kazi ambayo wengine wanajifunza dukani kwa mjomba.

Wiki tatu za mwanzo hatukugusa metali. Tulichora. Pete kwa juu, kwa ubavu, kwa mbele, na vipimo vya milimita. Nilichukia, nasema kweli, kwa sababu nilikuwa natoka dukani nimechoka, nimekaa kwenye foleni saa nzima, halafu napewa penseli. Baadaye nilielewa kidogo: bamba la fedha linauzwa kwa gramu, na kosa la kwenye karatasi linafutika.

Kisha tukapewa shaba nyekundu, ileile ambayo wanunuzi wa vyuma chakavu huiita kopa, tukaanza kukata kwa msumeno wa sonara. Uzi wake ni mwembamba kama uzi wa kushonea na meno yake lazima yaelekee chini, upande wa mpini, kwa sababu unakata unaposhuka. Jioni ya kwanza nilikata nyuzi saba. Mwalimu wetu, mama mmoja mtu mzima mwenye vidole vyenye makovu ya moto, alinishika kiwiko akasema nisisukume, msumeno una uzito wake, niuache ushuke. Wiki iliyofuata nilikata uzi mmoja tu.

Lakini kozi yenyewe, kwangu mimi, ni moto.

Kwenye simu, ncha ya pasi ndiyo yenye joto. Unaigusisha mahali unapotaka, risasi inayeyuka hapohapo, na waya ule wa risasi na bati huyeyuka kwenye nyuzi joto 183 hivi. Kwenye fedha mambo ni kinyume. Lihamu ya sonara, yaani ile ya kuungia, ni fedha iliyochanganywa na metali nyingine ili iwahi kuyeyuka, na ile ngumu huhitaji zaidi ya nyuzi 700. Fedha yenyewe, ile ya 925 yenye asilimia 92.5 ya fedha na iliyobaki kwa kawaida shaba, huwa imekwisha kuwa maji ikifika karibu nyuzi 890. Nafasi kati ya kuunga na kuharibu ni ndogo, na hakuna kipimo mkononi zaidi ya jicho lako. Halafu lihamu haiendi unakoielekeza. Inafuata joto. Ukiuchoma mwali palepale kwenye kiungo, kipande cha lihamu kinajikunja kama tone na kukaa pembeni. Inabidi upashe pete yote, uuzungushe mwali, ncha zote mbili zifike joto moja, ndipo ghafla lihamu inang'aa na kupita kwenye ufa kama maji kwenye mchanga.

Mikono yangu ilikataa kabisa. Miaka minane ilikuwa imezoea kulenga nukta moja. "Baba, hapa huchomi sakiti," mwalimu aliniambia, na tangu siku hiyo alinikataza kuja na kibano changu cha dukani, kwa sababu chembe ya risasi iliyobaki kwenye ncha inatosha kuharibu pete ya mwenzangu. Pete yangu ya kwanza ya fedha iliyeyuka nusu mbele ya macho yangu. Ya pili iliunga. Niliishika ikiwa bado na weusi wa moto, sikutaka kuiweka chini.

Wakati wa moto madirisha yanafunikwa na feni inazimwa. Feni inapeperusha mwali, na mwanga mwingi unakuficha ule wekundu hafifu unaokwambia fedha imeiva. Mwezi wa pili, joto la Dar, chumba kimefungwa, watu kumi na wanne na tochi za gesi zinawaka: jasho linakuingia machoni wakati ambao huwezi kupepesa. Jiandae, ukienda chukua taulo dogo.

Hapa ndipo nilipoona tofauti ya chuo. Sonara wa dukani atakufundisha kwamba fedha ukiigonga sana inapasuka, kwa hiyo ipashe, izamishe majini, endelea. Mwalimu alitueleza sababu: metali imepangika kwa chembe, nyundo inazibana na kuzivuruga mpaka hazina pa kusogea, na joto linazipa nafasi ya kujipanga upya. Nilipolielewa hilo niliacha kuhesabu mapigo, nikaanza kusikiliza. Fedha iliyokaza inalia tofauti kwenye fuawe, sauti inakuwa kali zaidi.

Baada ya moto, weusi unatolewa kwa kuchemsha kazi kwenye maji ya shabu, ileile inayouzwa kwa wauza dawa za asili sokoni. Masonara wa zamani wanaitumia na chuoni tuliitumia pia badala ya asidi kali. Onyo moja: usiingize koleo la chuma humo. Shaba iliyoyeyuka kwenye maji hayo itajipaka juu ya fedha, utatoa pete nyekundu.

Mawe tuliyapitia haraka mno. Wanafunzi wengi walitaka tanzanaiti, na nawaelewa, jiwe letu hili la Mererani ambalo dunia ililijua tangu 1967. Mwalimu alituruhusu kuligusa mwishoni tu. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7 pale ambapo almasi ni 10, na joto la ghafla linalipasua. Ajabu ni kwamba mengi ya mawe hayo hutoka ardhini yakiwa na rangi ya udongo, yakapashwa polepole tanurini ndipo yakawa ya bluu. Jiwe lilivumilia tanuri, tochi halivumilii. Kwa hiyo uungaji wote uishe kwanza, jiwe likae la mwisho, ukuta mwembamba wa fedha ukunjwe juu yake taratibu. Tulipata vipindi viwili vya hilo. Havitoshi, hata kidogo.

Malalamiko yangu mengine. Tochi zilikuwa tatu kwa watu kumi na wanne, basi jioni nyingine nilishika moto dakika kumi na tano, muda uliobaki nikisugua msasa. Gesi iliisha mara mbili katikati ya kipindi tukarudi nyumbani. Feni ya kutolea moshi ilikuwa mbovu muhula mzima, na moshi wa kuunga si wa kuvuta. Nilijinunulia barakoa, chuo ndicho kilichopaswa kuliangalia hilo kwanza. Na hakuna aliyetuambia wakati wa kujiandikisha kwamba fedha, lihamu na nyuzi za msumeno tutanunua wenyewe. Kwangu vilifika karibu nusu ya ada. Dada mmoja mzuri sana wa nakshi aliacha wiki ya sita kwa sababu hiyo, na bado inaniuma.

Ukiniuliza, nitarudi kwa muhula wa pili, wa kumimina kwenye kalibu. Ila mtu anayetaka kasi na kuanza kuuza vipuli mwezi ujao akakae kwa sonara, atashika moto kila siku. Chuo nilikwenda kujua kwa nini, na hicho nilikipata.

Pete ya mama niliifanya wiki ya kumi na moja. Niliikwangua risasi yote kwa tupa, na bado mwalimu hakuridhika, akanitaka nikate milimita tatu kila upande mpaka fedha safi. Nikatia kipande kipya, nikakiunga kwa lihamu ngumu. Ukitazama kwa karibu unaona fedha mpya ni nyeupe zaidi. Mama anasema itafifia. Anaioshea vyombo kama zamani, nimemkataza, hasikii.