Mashine ipi ya kahawa inafaa nyumbani kwako? Tuanze na unachokunywa

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo mezani nina tatu: moka, mashine yenye pampu ya kutengeneza espreso, yaani kahawa nzito ya kikombe kidogo, na ya kapsuli, vile vikopo vidogo vilivyofungwa kahawa ndani. Kabla hujaniuliza ipi nzuri, niambie nyumbani mnakunywa nini. Kama ni kahawa chungu ya barazani, vikombe vidogo na kashata pembeni, dele lako linatosha kabisa, usiuziwe mashine. Lakini ukitaka kahawa nzito ya asubuhi, au ya maziwa yenye povu, twende pamoja.

Hii ndogo ni moka, ya Alfonso Bialetti wa Italia, tangu mwaka 1933. Maji yanakaa chini, kahawa katikati, joto linayasukuma maji kupanda juu. Inatumia jiko la gesi, kwa hiyo umeme ukikatika wewe unaendelea kunywa. Usishindilie kahawa, weka moto mdogo, na ikianza kukoroma tu, ipua. Tangawizi na hiliki ya unga tia kikombeni, siyo humu kwenye chujio, maana likiziba mgandamizo unakosa pa kutokea. Mnaona hiki kitufe cha ubavuni? Ni vali ya usalama, maji yasiifikie. Kwa nyumba nyingi ninazozijua, moka ndiyo ningeinunua kwanza.

Sasa hii ya espreso, De'Longhi Dedica. Nyembamba, upana kama sentimita 15, haili nafasi jikoni. Kwenye boksi wameandika bari 15, yaani kipimo cha mgandamizo, kwa maandishi makubwa. Ndugu zangu, huo ni uwezo wa pampu. Espreso yenyewe hutolewa kwa mgandamizo wa bari 9 hivi, kwa hiyo mashine ya bari 20 haikupi kahawa tamu zaidi. Msichague kwa namba hiyo!

Tazameni kinu cha kusagia kahawa badala yake. Hapa ndipo pesa inapotakiwa kwenda, na hapa ndipo watu wengi wanabana. Espreso inataka kahawa laini, iliyosagwa muda huohuo: gramu 14 za unga zinaingia, kama 28 za kahawa ya kunywa zinatoka, kati ya sekunde 25 na 30. Ikitoka mbio, itakuwa chachu na nyepesi. Saga laini zaidi. Ikidondoka kwa shida, itakuwa chungu. Saga nene kidogo. Unga wa pakiti huwezi kuurekebisha hivyo, ndiyo maana mashine hizi huja na chujio la kuta mbili linalokutengenezea povu hata kahawa ikiwa imechoka. Povu zuri machoni, ladha hamna. Nunua kinu chenye meno, hata cha kuzungusha kwa mkono. Kile cha kisu kinachozunguka kinakata ovyo, nusu vumbi, nusu mapande.

Ya kapsuli? Safi, haraka, inamfaa mtu mwenye asubuhi fupi. Ila kapsuli nyingi ndogo zina gramu 5 au 6 tu za kahawa, na umefungwa kununua zinazoingia kwenye mashine hiyo. Mimi inaniuma, kwa sababu tuna kahawa aina ya arabika ya Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga, na aina ya robusta ya Kagera, na unaweza kuipata ya punje, imekaangwa karibuni.

Mambo mawili kabla ya kulipa. Mashine ya espreso inavuta wati kama 1300. Kwenye mita ya umeme ya LUKU haitishi kwa dakika chache inazowaka, lakini inveta ndogo ya sola haitaibeba. Na kama ndugu anakuletea mashine kutoka Marekani, ile ni ya volti 120, ukiichomeka kwenye soketi yetu ya 230 inaungua. Mwambie aipindue hukohuko dukani, asome kibandiko cha chini, akutumie picha kwanza.