Mashine za gemu za mkononi: ipi isiyomchungulia mtoto?

Likizo iliyopita nilimnunulia mpwa wangu mashine ya Nintendo, Switch Lite ya mtumba, huko Malindi, tukapanda basi hadi Mokowe, tukavuka kwa boti. Tulipoiwasha nyumbani Langoni, Lamu, lilitokea jina la mtoto mwingine, picha alizohifadhi ndani ya gemu, na orodha ya marafiki zake. "Mjomba, huyu ni nani?" Muuzaji hakufuta chochote, nami dukani sikuiangalia.

Tangu hapo nikiombwa ushauri sianzii kwenye kioo wala betri. Natazama mashine inataka kujua nini kuhusu mtoto. Kwa kipimo hicho, nazipanga hivi.

1. Vimashine vidogo visivyo na intaneti. Hivi vya bei nafuu vyenye mamia ya gemu za zamani ndani. Havina akaunti, havina pa kupeleka habari. Kwa mtoto wa miaka sita vinatosha kabisa. Hakikisha tu hakina waifai, maana vipo vinavyofanana navyo na vinayo. Ubaya wake ni kwamba gemu nyingi zilizomo zimenakiliwa bila idhini ya wenyewe.

2. Switch Lite (2019). Pamoja na yaliyonikuta, bado naipenda. Haina kamera wala maikrofoni. Unaweza kumfungulia mtoto nafasi yake bila kuiunganisha na akaunti ya Nintendo, ukanunua gemu zilizo kwenye kadi za kuchomeka, akacheza waifai ikiwa imezimwa. Ukitaka duka lao la mtandaoni ndipo utatakiwa barua pepe, nchi na tarehe ya kuzaliwa. Hapo usimwachie mtoto ajaze, wala usimwongezee umri ili mambo yaende haraka: akihesabiwa mtu mzima, kinga za akaunti ya mtoto zinamwondokea. Kisha ingia kwenye mipangilio, zima utumaji wa taarifa za hitilafu, na ufiche anachocheza wasikione watu asiowajua.

3. Steam Deck (2022). Inamfaa kijana mkubwa. Akaunti ya Steam, duka la gemu la mtandaoni, ni lazima tangu siku ya kwanza, ila baadaye anaweza kucheza nje ya mtandao.

4. Switch 2 (2025). Ina maikrofoni ndani yake. GameChat, yaani mazungumzo ya sauti na video na wachezaji wengine, inadai namba ya simu, na aliye chini ya miaka 16 huhitaji ruhusa ya mzazi. Ruhusa hiyo ni jambo jema, lakini maikrofoni ikiwa wazi sebuleni, sauti ya bibi anayepita nayo inasafiri.

5. PlayStation Portal (2023). Bila akaunti na waifai haichezeki, kwani gemu yenyewe inaendeshwa kwingine, kwenye PlayStation 5 au kompyuta za Sony. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia kwenye mtandao wa PlayStation na kufikia taarifa za akaunti zipatazo milioni 77, yakiwemo majina na tarehe za kuzaliwa.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya data ya mtoto kutumiwa. Kwa hiyo, ukiulizwa kwenye kioo, soma kabla ya kubonyeza "kubali".

Na ukinunua mtumba, iwashwe na ifutwe yote mbele yako kabla hujatoa pesa. Ukiuza yako, fanya vivyo hivyo. Ile ya mpwa wangu niliifuta usiku uleule, bila kuzifungua picha za mtoto yule. Ilipouliza jina la mchezaji mpya, tuliandika "Kasa".