Kwadi za kaskazini Unguja: "kama pikipiki unaweza, hii huwezi kushindwa"

Naandika hii nikiwa bado na hasira, kwahiyo mnisamehe nikiruka ruka. Juzi nimeona mtu anaulizia wapi atapata kwadi za bei nafuu huko Nungwi na Kendwa, zile pikipiki za matairi manne wanazokodisha watalii, mnapita vijijini na mashambani halafu mnamalizia ufukweni jua linazama, nikasema hapana, hii siwezi kukaa nayo kimya. Jina la kampuni sitalitaja, mume wangu kakataa kabisa, ila wenyewe wakisoma watajijua.

Bei sitaongelea, mashine ina cc ngapi sitaongelea, hayo yote utayakuta kwenye matangazo yao. Mimi nina sentensi moja tu inanikaa kooni. Tulikuwa wanne, mimi, mume wangu, shemeji yangu na mdogo wangu wa kike. Tukasainishwa fomu ndefu ya Kiingereza kitupu, tukagawiwa helmeti, halafu yule kijana anayeongoza msafara akaanza kutuelekeza: hapa unawasha, hii breki, hapa unabonyeza na kidole gumba inaenda. Akawa kamaliza. Nikamuuliza kaka, hamna sehemu ya kujaribia kwanza hata kidogo, sisi hatujawahi kupanda hizi? Akamgeukia mdogo wangu, dada wewe nyumbani unaendesha nini? Mdogo wangu akasema skuta, maana Dar ndo anaenda nayo kazini. Kijana akacheka akasema, "Kama pikipiki unaweza, hii huwezi kushindwa dada. Hii ina matairi manne, haianguki."

Haianguki! Jamani.

Sasa niwaambie kilichotokea. Tulishaacha barabara kubwa (na hiyo nayo, walituendesha kwenye lami na magari yanapita, nitarudi hapo), tukaingia njia ya mashamba, zile njia za mawe ya matumbawe, mchanga kidogo mawe kidogo, kuna mihogo huku na huku. Msafara unakimbia maana kijana wa mbele anawahi machweo. Kuna kona moja ya kulia, si kali hata kidogo, mdogo wangu akakunja usukani vizuri tu, mashine haitaki kukunja, inataka kwenda mbele, akakunja zaidi, ikainuka matairi ya kulia. Na yeye akafanya kile ambacho kila mtu wa pikipiki angefanya, akatoa mguu akakanyaga chini ili aizuie. Tairi la nyuma likaudaka ule mguu. Ndo namna ilivyokuwa, tairi linatokea nyuma linapanda kisigino linakuvuta chini, na yeye kwa kushtuka kakaza mkono, na kidole gumba kipo kwenye resi, kwahiyo mashine badala ya kusimama ikaongeza moto. Ikapanda rundo la mawe ikabiringika. Kitu cha kilo 200 na zaidi. Namshukuru Mungu haikumlalia kifuani, usukani ulimpiga begani tu ikapita.

Mtulinga ukavunjika. Kifundo cha mguu kikachubuka mpaka unaona nyama.

Nimeshaongea na watu wanaozijua hizi mashine na kila nikiongea nao ile sentensi ya kijana inazidi kunikera, kwasababu siyo kwamba ilikuwa haijitoshelezi, ilikuwa KINYUME. Anayejua pikipiki ndo angetakiwa afundishwe zaidi ya wote! Pikipiki kwenye kona inalala yenyewe na wewe unalala nayo. Kwadi hailali. Shemeji ni fundi magari, aliinama akaiangalia palepale njiani tukisubiri gari, akaniambia shem njoo uone, hii ekseli ya nyuma haina difu. Maana yake matairi mawili ya nyuma yanazunguka mwendo mmoja, wakati kwenye kona tairi la nje linatakiwa lizunguke zaidi kuliko la ndani. Kwahiyo mashine inang'ang'ania kunyooka. Ili ikunje inabidi wewe mwenyewe mwili wako ufanye kazi, upunguze mwendo kabla ya kona, usogee mbele kidogo, uegemeze mwili upande wa ndani wa kona huku uzito ukiukandamiza kwenye pa kukanyagia pa nje, tairi la ndani lipungukiwe uzito liteleze. Ukikaa wima katikati kama uko kwenye sofa ndo hiyo inakuinukia. Na mguu HAUTOKI pale pa kukanyagia, hata ukiogopa vipi. Ukipanda mlima unainama mbele, ukishuka unarudi nyuma, ukipita ubavuni mwa kilima unaegemea upande wa juu. Haya nimeyaandika kwa sentensi chache hapa, wangeshindwa nini kutuambia?

Kitu kingine alichonionyesha shemeji, karibu na ile resi kuna skrubu ndogo. Kwadi nyingi zinayo. Ukiikaza, kidole gumba hakifiki mwisho, mashine haiendi mbio hata mtu akishtuka akabana. Imewekwa pale kwa ajili ya wanaojifunza! Ya mdogo wangu ilikuwa imelegezwa yote. Bisibisi moja tu, nyinyi watu.

Ngoja niwe mkweli, kuna mazuri. Njia yenyewe nzuri, watoto wa kijijini wanapunga mikono, upepo wa jioni, nusu saa ya kwanza nilifurahi sana na nilikuwa nishapanga kuwasifia. Na yule kijana wa pili, anayekaa nyuma ya msafara, huyo alikuwa mtu. Alifika kabla yetu wote, akazima mashine, akakataza tusimuinue mdogo wangu wala tusimvue helmeti hovyo, akafunga mkono kwa kanga yangu, akapiga simu akatafuta gari, na kutoka kule mpaka hospitali ya mjini si karibu, alikaa nyuma kamshikilia njia nzima. Mpaka leo ananitumia meseji kumjulia hali. Kwa ajili yake nilitaka nitoe nyota mbili, hata tatu, nikijiambia ajali ni ajali.

Halafu meneja akapiga simu.

Hakuuliza mgonjwa anaendeleaje. Alianza na madigadi imepasuka na mkono wa breki umepinda, na fomu tulisaini. Nikamwambia kaka mimi naongelea mtu aliyevunjika, akasema "Tulimuelekeza kila kitu, yeye ndo alitoa mguu." Yaani unajua kabisa kwamba kutoa mguu ndo hatari yenyewe, unalijua mpaka unalitaja kwenye simu, na kijana wako hakulisema hata neno moja kabla hatujaondoka! Hapo nilitetemeka. Nikamwambia umejijibu mwenyewe. Akanikatia. Kwahiyo zile nyota mbili nimefuta.

Usiku ule sikulala, binamu yangu yuko Minnesota kule Marekani akanitumia voisi ndefu ndefu. Anasema kwao ukiwa umezaliwa baada ya tarehe 1 Julai 1987 huruhusiwi kwenda na kwadi kwenye njia za umma mpaka uwe na cheti cha mafunzo ya usalama. Yeye alienda na darasa la uwanjani, akadhani watamuonyesha breki wamruhusu. Wapi. Kwanza kuikagua mashine, tairi, breki, resi inarudi yenyewe ukiachia au inakwama, mafuta, mnyororo. Halafu kuzunguka duara, halafu kuchora nane katikati ya koni, kufunga breki ghafla, kukwepa kitu kilichotokea mbele, na mwalimu anakupigia kelele mwili! mwili! hamisha mwili! Anasema siku ile ndo alielewa kwamba usukani ni nusu tu ya kazi. Na yeye alikuwa amepanda kwadi ya jirani yake kabla ya hapo na akijiona anajua.

Nikaanza kusoma mwenyewe. Kumbe Marekani walishapita huku zamani sana, miaka ya themanini kulikuwa na zile za matairi matatu, zikavunja na kuua watu, watoto wengi, mpaka serikali ikawabana watengenezaji na mwaka 1988 wakakubali kuacha kuziuza, na pia wakakubali kuwapa wanunuzi mafunzo ya bure. Na zikaja za matairi manne na watu bado wanakufa kila mwaka, mamia. Kwahiyo lile neno "ina matairi manne haianguki" wenzetu walishalizika. Australia tangu Oktoba 2021 kwadi mpya zile za kazi za shamba haziuzwi bila fremu ya kumkinga dereva ikibiringika. Hata yule mwanamuziki wa roki Ozzy Osbourne, mwaka 2003 kwadi ilimpindukia nyumbani kwake Uingereza, akavunjika mtulinga, mbavu nane na pingili ya shingo. Nyumbani kwake, kwenye ardhi yake. Mtulinga, mfupa uleule wa mdogo wangu, na nilipofika kwenye shingo nikafunga simu nikalia.

Na ile lami niliyosema nitarudi. Matairi ya kwadi yanajazwa upepo mdogo sana, nyingi ni psi 5 hivi, gari lako lina 30. Ni laini kwa ajili ya mchanga na tope. Kwenye lami yanashika hovyo na ile ekseli isiyo na difu ndo inazidi kugoma, watengenezaji wenyewe wanaandika kwenye stika pale pale kwenye mashine usiendeshe barabarani. Stika ilikuwepo. Niliisoma baadae kwenye picha tulizopiga, mdogo wangu anatabasamu juu yake.

Mume wangu anasema nawaonea, hawa vijana wanatafuta riziki na nao hakuna aliyewafundisha. Inawezekana. Yule kijana wa nyuma aliniambia mwenyewe kwamba yeye alifundishwa na mwenzake jioni moja, kesho yake akaanza kubeba wageni. Basi hasira yangu isimwendee kijana, iende kwa mwenye mashine, mwenye hela ya kununua kwadi zote zile mpya na akakosa nusu saa ya kumuweka mgeni kwenye uwanja aendeshe taratibu azunguke aone inavyogoma. Uwanja wanao! Pale pale wanapoegesha, pana nafasi kubwa kabisa, tulisimama hapo tukipiga picha.

Kesho yake nilirudi kuchukua begi la mdogo wangu. Nimefika nakuta msafara mwingine unajipanga, familia, nadhani wa bara kama sisi, na baba kampakata mtoto wa kiume wa kama miaka minane hivi mbele yake, mtoto kashika usukani. Mashine ya mtu mzima. Hizo mashine kubwa watengenezaji wanasema chini ya miaka 16 asiendeshe, na nyingi zimeandikwa usibebe abiria kabisa, maana dereva anatakiwa awe huru kuhama hama kwenye siti na abiria anambana na uzito unakaa kusikotakiwa. Na yule kijana wa jana, yuleyule wa "haianguki", anawaonyesha hapa unawasha, hii breki.

Nikaenda moja kwa moja kwa mama wa mtoto. Nikamwambia dada samahani hunijui, mdogo wangu jana kavunjika kwenye hizi, mshushe mtoto. Nikamuonyesha picha ya eksirei kwenye simu. Mama akaangalia, hakuniuliza kitu, akaenda akamtoa mtoto mikononi mwa baba yake, baba akaanza kulalamika, mama akasema mimi na yeye tunabaki hapa nyie nendeni. Nikamwambia na yule baba, kaka mguu usiutoe, hata ikikuinukia usiutoe, na kwenye kona sogea ndani. Akanisikiliza kwa kweli, akaniuliza ndani upande gani, nikamuonyesha nimesimama pale mchangani.

Kijana akanifuata nikiwa naondoka na begi, sauti ya chini, "Dada unatuharibia biashara." Nikamwambia siku mkianza kufundisha watu kabla hawajaondoka hapa, nipigie simu, namba yangu ipo kwenye fomu yenu, nitakuja na mdogo wangu na nitalipa bei kamili. Hajanipigia.