Mlango wa gari ulioharibika: kagua matundu ya chini kabla ya kukagua rangi

Mwendesha bodaboda aliligonga gari langu, Toyota IST ya rangi ya fedha, kwenye makutano ya Mbauda hapa Arusha, akaubonyeza mlango wa nyuma wa kushoto kuanzia kwenye kitasa hadi karibu na tairi. Hakuumia, namshukuru Mungu, na hakuwa na uwezo wa kulipa. Nilikwenda kwa muuza spea za mtumba, nikachagua mlango uliopendeza macho, nikalipa shilingi 280,000, kisha nikaukabidhi kwa fundi wa rangi kule mtaa wa Unga Limited. Siku niliyolichukua gari nililizunguka juani, na rangi ilikuwa imekubali kiasi kwamba dada yangu alishindwa kuonyesha ni mlango upi uliobadilishwa. Masika ilipokwisha, ukingo wa chini wa mlango ule ulikuwa umeota malengelenge madogo kama punje za mtama, na kila nilipokanyaga breki nilisikia maji yakikimbilia mbele na kurudi nyuma ndani ya mlango.

Nililipeleka gari kwa fundi mwingine. Alipiga goti, akachukua spoki ya baiskeli na kuipitisha taratibu chini ya mlango akitafuta tundu. Tundu hakuliona, aliona puti, ule uji mzito wa kujazia mabonde ya bati ambao hukauka na kuwa mgumu. Aliikwangua hadi ikapasuka, na maji yenye rangi ya chai isiyochujwa yakamwagika juu ya kandambili zake, yakinuka kutu. Akaniambia, "Dada, huu mlango ulikuwa umeoza kabla hujaununua. Waliuziba tu." Tangu nilipowasimulia wasomaji wangu kisa hicho, nimepokea malalamiko yanayofanana kutoka Moshi, Usa River na hata Babati, na karibu wote walioandika waliamini kwamba tatizo lao ni rangi mbovu.

Tatizo mara nyingi liko chini ya rangi. Mpira unaokaa pale kioo kinapozama mlangoni hupangusa kioo tu, hauzuii maji yote, na watengenezaji wa magari wanalijua hilo, ndiyo maana wameyawekea maji njia ya kutokea. Mvua huteremka ndani ya mlango, hupita kwenye mashine ya kioo, hufika chini kabisa na kutokea kwenye matundu madogo yaliyoachwa kwenye ukingo. Nyuma ya kava la ndani kuna karatasi ya nailoni iliyogundishwa ili maji hayo yasiingie kwenye kapeti, na karatasi hiyo mafundi wa redio huichana wanapofunga spika bila kuirudishia. Bati la nje nalo limekunjwa kuzunguka fremu ya ndani kama pindo la kanga, na ndani ya pindo hilo ndimo unyevu unapojificha. Fundi akijaza puti kwenye pindo, au akipuliza praima (rangi ya msingi) na rangi bila kuyazibua matundu, maji hukaa humo wiki nzima, chuma huliwa kutoka ndani kuja nje, na rangi iliyolipiwa fedha nyingi huinuka kama ngozi iliyoungua.

Kwa sababu hiyo napanga machaguo kwa kipimo hicho kwanza, yaani kama matundu yako wazi na pindo ni zima, na bei naiweka nyuma yake.

Chaguo ninaloliweka juu kabisa ni kuunyoosha mlango wako mwenyewe, ingawa muuza spea atakuambia kwamba hautengenezeki. Mlango uliokuja na gari unaujua historia yake, unakaa kwenye bawaba zake bila kusukumwa, na pindo lake halijaguswa tangu kiwandani. Sharti langu ni moja: fungua kava, umulike ndani kwa tochi ya simu, uitazame boriti ya chuma iliyolala katikati ya mlango kwa ajili ya kuwakinga abiria gari likigongwa ubavuni. Ikiwa boriti imepinda, au pindo la chini limefumuka, achana na mlango huo, kwa maana boriti iliyopinda ikanyooshwa kwa nyundo haina tena nguvu yake ya awali. Boriti ikiwa nzima, fundi bodi hodari anaweza kulivuta bati hadi ibaki puti nyembamba tu ya kusawazisha. Ukitaka kujua puti imejazwa kiasi gani, funga sumaku kwenye kitambaa laini na uipitishe juu ya mlango. Pale inapokosa kushika kabisa, puti ni nene kupita kiasi.

Chaguo la pili ni mlango wa mtumba kutoka Japani, na hapa ndipo ninapotaka uwe mkali. Usianze kwa kuuliza rangi. Omba mlango usimamishwe wima kama unavyokaa kwenye gari, mimina nusu lita ya maji pale kioo kinapozama, kisha hesabu sekunde. Maji yanapaswa kuanza kutoka chini mara moja, kwa mtiririko, yakiwa safi. Yakichelewa, matundu yamezibwa. Yakitoka na rangi ya kahawia, kutu imekwisha kuanza. Pitisha kidole kwenye pindo lote la chini, kwa ndani na kwa nje, kwa sababu pindo la kiwandani ni sawasawa kama limepigwa rula, na lililojazwa puti lina mabonde ambayo kidole huyahisi hata pale jicho linapodanganyika. Hakikisha pia kwamba mlango ni wa toleo la gari lako: mlango wa IST ya kwanza, yenye namba za NCP60, NCP61 au NCP65, hauingii kwenye IST ya toleo la pili, na nimeshuhudia mama mmoja akirudishwa mara mbili sokoni kwa kosa hilo.

Sina budi kusema neno kuhusu wauzaji, kwa kuwa limeniuma. Unapatana bei ya mlango kamili, unageuka kutafuta pesa, na ukirudi mashine ya kioo imefunguliwa na kioo kimewekwa pembeni, unaambiwa bei ile ilikuwa ya mlango mtupu. Ukiomba kumimina maji unaonekana mkorofi. Ukidai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ambayo ni haki yako, unaambiwa bei inapanda, kana kwamba kodi ni adhabu kwa mteja aliyeuliza. Na ukirudisha mlango uliooza hupokelewi, kwa sababu huna karatasi yoyote inayoonyesha uliununua hapo. Nawasihi wanaouza spea mjini kwetu wawaache watu wapime mali kabla ya kuilipia. Mlango mzuri haudhuriwi na nusu lita ya maji.

Mlango mpya halisi wa Toyota nauweka wa tatu kwa sababu ya bei yake tu. Huja ukiwa na praima, bila rangi, matundu yakiwa wazi na pindo likiwa limezibwa vizuri, na mwenye bima kubwa anapaswa kuudai bila aibu kabla ya kukubali mtumba anaopendekezewa. Milango mipya ya kuiga naitaja kwa sentensi moja: bati lake nililolishika lilikuwa jepesi, pengo kati yake na nguzo halikulingana juu na chini, na sitaununua. Rangi za kopo la kupuliza kwa kidole zinafaa mkwaruzo wa urefu wa kiberiti, si mlango.

Ukishapata mlango mzima, ndipo rangi inapostahili akili yako. Kwenye magari mengi ya Toyota yaliyotoka Japani, kuna kibati ndani ya boneti, na kwenye mstari wenye herufi C/TR utaona namba ya rangi kwanza, kisha namba ya mapambo ya ndani. Gari langu limeandikwa 1F7, fedha yenye chembe za alumini. Nyeupe ya 040 ni rahisi kulinganisha kwa kuwa haina chembe. Nyeupe ya lulu, 070, ndiyo inayowaliza watu, maana ina tabaka tatu: nyeupe ya chini, tabaka la lulu, na kliya, yaani vanishi angavu, juu. Fundi akiongeza mkono mmoja tu wa tabaka la kati, mlango huwa na sura tofauti na gari lote. Kwa hiyo mwenye 070 asikubali bei ya mwenye 040, na pia asimkubali fundi anayemtajia bei hiyo, kwa sababu ina maana kwamba hajui kazi iliyo mbele yake.

Namba peke yake haitoshi. Jua letu la Arusha, mji ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, limeipauza rangi ya gari lako kwa namna ambayo mlango wa namba ileile uliotoka juzi Japani haukupauzwa. Fungua kifuniko cha tangi la mafuta, king'arishe kwa kompaundi ya kusugulia rangi, ukipeleke kwa mchanganya rangi pamoja na namba, na udai apulize sampuli kwenye kipande cha bati na kuipaka kliya. Itoe sampuli nje ya duka, iweke karibu na kifuniko, itazame uso kwa uso, kisha uitazame kwa ubavu. Rangi yenye chembe inaweza kukubali kabisa ukiwa mbele yake na kugeuka nyeusi ukisogea hatua mbili pembeni, kwa kuwa chembe za alumini hulala tofauti kulingana na upepo wa kompresa na umbali wa bunduki ya kupulizia. Taa ya dukani isikupotoshe. Kagua juani na kivulini.

Fundi mzuri hataikatisha rangi kwenye ukingo wa mlango. Ataififisha kidogo kuelekea mlango wa mbele na ubavu wa nyuma, kisha ataipiga kliya juu ya paneli nzima, na hapo jicho hukosa mahali pa kulinganisha. Kazi hiyo inakula rangi na muda zaidi, lakini kwa rangi ya fedha na ya lulu siioni njia nyingine.

Upande wa rangi yenyewe nasema waziwazi kwamba napendelea Spies Hecker, kampuni ya Kijerumani iliyoanzia Cologne mwaka 1882 na ambayo sasa iko chini ya Axalta, iliyochukua biashara ya rangi za magari ya DuPont mwaka 2013. Kliya yao ya Permasolid, inayochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha), ndiyo iliyoko kwenye mlango wangu wa sasa. Mwaka wa kwanza wa jua na vumbi umepita nayo bila kufifia, wakati kliya ya bei nafuu kwenye mlango ule wa kwanza ilianza kuwa na ukungu ndani ya miezi 4. Ni ghali, na makopo yangu yalitoka Dar es Salaam. Kilichonikera zaidi ni muuzaji wa hapa mjini aliyenitaka ninunue lita nzima wakati kazi yangu ilihitaji nusu, na aliyeniambia bei imepanda kwa sababu ya dola ilhali kopo lake lilikuwa na vumbi la mwaka mzima.

Kabla fundi hajapuliza, mwambie aweke vijiti vyembamba kwenye matundu yote ya chini na avitoe rangi ikiwa bado laini. Mwambie pia apulize asubuhi, sakafu ikiwa imenyunyiziwa maji, maana gereji zetu nyingi ziko wazi na lori moja likipita linatosha kuujaza mlango punje za vumbi. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi yetu huchelewesha kukauka, basi mwachie gari siku mbili zaidi. Kazi ikiisha, apulize nta ya kuzuia kutu ndani ya pindo, kamwe asitumie oili chafu, ambayo huvimbisha mipira ya mlango. Rudia jaribio la nusu lita mbele yake kabla ya kumlipa fedha zilizobaki, kisha umwombe rangi iliyosalia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, ikiandikwa namba yake, jina la kampuni na vipimo vya mchanganyiko.