Umehamia Linux? Hizi ndo pleya za muvi na mziki za kuanza nazo, nimezipanga kuanzia bora

Tangu sapoti ya kawaida ya Windows 10 ikome Oktoba 2025 watu wengi wamehamia Linux, leptopu bado nzima kabisa ila Windows 11 inaikataa, na wifi ikishakubali tu swali la kwanza ni muvi naangalizia wapi na mziki nasikilizia wapi. Hapa naongelea Linux Mint zaidi, toleo moja la Linux, maana wageni wengi ndo wanaanzia huko, na Ubuntu, toleo jingine, mambo ni karibu yaleyale.

Kuhusu bei, zote ni za bure na ni halali kabisa kuwa bure. Ukikuta saiti inakudai hela ndo ikupe VLC, funga hiyo saiti. Gharama yako ni bando na nguvu ya mashine, na ndo nilivyozipanga.

Ila kabla ya pleya weka kodeki kwanza, yaani vile vipande vya programu vinavyoiwezesha kompyuta kusoma fomati za video na mziki, naomba usiruke hapa, maana watu wanabadilisha pleya hadi wanachoka kumbe tatizo ni kodeki. Kwenye Mint, kama hukutiki ile sehemu ya kodeki wakati wa kuinstoo, fungua menyu utafute "Multimedia Codecs", bonyeza, subiri imalize. Ubuntu unaandika sudo apt install ubuntu-restricted-extras kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri.

Namba moja kwa video ni VLC, na kwa mtu mgeni sioni ya kuipita. Ilianza 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris kule Ufaransa, 2001 ikawa programu huria, na mpaka leo iko chini ya VideoLAN, shirika lisilo la faida, kwa hiyo hakuna tangazo wala hakuna anayefuatilia unaangalia nini. Inabeba uwezo wake yenyewe wa kusoma mafaili, MKV, MP4, AVI ya zamani, DVD, hata faili lililodaunlodiwa nusu mara nyingi inalicheza pale lilipofikia. Kitu ninachoipendea sana ni sabtaito: umepakua muvi, maandishi yanakuja kabla mtu hajaongea, unabonyeza H, kila ukibonyeza yanachelewa kwa milisekunde 50, yakiwa yanachelewa unabonyeza G. Sauti ndo haiendani na midomo? J na K. Ukishazizoea hizo herufi nne hutupi tena faili kwa sababu ya sabtaito mbovu.

Namba mbili ni mpv, na kwa leptopu ya mtumba yenye prosesa ya zamani mimi naipandisha iwe ya kwanza. Ni nyepesi mno, haina menyu za kueleweka, ukiifungua ni dirisha jeusi tu, na hapo ndo wageni wanakimbia. Dawa yake ni Celluloid, ambayo ni mpv hiyohiyo ila imevalishwa vitufe, na Mint inakuja nayo tayari kwa hiyo hutumii hata MB moja. Video ya 1080p ikikwamakwama na feni inapiga kelele, jaribu kuandika kwenye terminali mpv --hwdec=auto ikifuatiwa na jina la faili, hiyo inaiambia kazi ya kufungua video ifanywe na chipu ya grafiki badala ya prosesa. Kama chipu inaiweza hiyo fomati utaona tofauti hapohapo.

SMPlayer naiweka ya tatu, nzuri, inakumbuka ulipoishia kwenye kila muvi, ila sioni haja ukishakuwa na hizo mbili. Kodi ni kwa ajili ya kompyuta uliyochomeka kwenye TV na unatumia rimoti, kwenye leptopu ya kawaida ni mzigo.

Kwenye mziki, kama una mafolda ya nyimbo ulizokusanya miaka na miaka, chukua Strawberry. Inapanga kwa msanii na albamu, inacheza FLAC (fomati ya mziki isiyopunguza ubora wa sauti), na inakuruhusu kurekebisha majina ya nyimbo, kile kitu cha "Track 01, Unknown Artist" unakimaliza jioni moja. Inayofuata ni Audacious, nyepesi, na waliokulia kwenye Winamp, pleya ya mziki ya zamani ya Windows, watafurahi maana inakubali hata zile skini zake za zamani. Rhythmbox inakuja na Mint, inatosha kabisa kwa kuanzia na podikasti inacheza pia, ila nyimbo zikiwa nyingi sana mi naiona nzito.

Jambo la bando sasa. Kwenye Software Manager, duka la programu la Mint, programu moja inaweza kuwepo kwa namna mbili, ya mfumo wenyewe na ya Flatpak. Flatpak mara ya kwanza inaweza kuvuta mamia ya MB kwa sababu inakuja na vifaa vyake vyote, kwa hiyo kama unatumia bando la simu chagua ile ya mfumo, au andika tu sudo apt install vlc strawberry, zinakuja zote mbili kwa mpigo na apdeti zake zitakuwa zinakuja pamoja na za mfumo.