Waya ni waya? Uzoefu wangu wa kununua utepe wa diski Kariakoo

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo nisameheni nikipitiliza. Dukani kwangu, ambako nauza vifaa vya ofisi na kuchapa nyaraka, nina kompyuta ya mezani ya enzi za Windows XP, ambayo diski yake kuu huunganishwa na mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, kwa ule utepe mpana wa nyaya uitwao IDE, si kwa kiwaya chembamba cha SATA kilichokuja baadaye. Humo mna mikataba ya pango na barua nilizochapia wateja kwa miaka mingi. Miezi kadhaa iliyopita panya aliingia ndani ya kasha akautafuna utepe huo, nami nikafunga safari kwenda Kariakoo kutafuta mwingine.

Muuzaji alichomoa utepe mmoja kwenye boksi la vumbi, akanitoza shilingi 5,000. Kompyuta iliwaka, lakini kabla Windows haijafunguka skrini iliandika kwamba utepe wa nyaya 80 haujafungwa, na tangu hapo kunakili faili kubwa kukawa kazi ya kumaliza kikombe cha chai. Usiku niliulaza ule utepe chini ya taa nikahesabu matuta yake kwa ncha ya sindano ya kushonea. Yalikuwa 40. Ule ulioliwa na panya ulikuwa na nyaya nyembamba zaidi, nazo zilikuwa 80. Kinachodanganya ni kwamba vichwa vya aina zote mbili vina matundu 40; nyaya 40 za ziada hazibebi data, bali ni za ethi (yaani za kuunganisha na ardhi ya umeme), zimepangwa katikati ya zile za data ili zisiingiliane. Zikikosekana, kompyuta hujishusha hadi megabaiti 33 kwa sekunde hata kama diski ina uwezo wa 100.

Nilirudi kumweleza hayo kwa adabu, naye hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. “Mama, waya ni waya. Kompyuta si inawaka? Nenda kachape barua zako.” Mbele ya wateja! Niling'ang'ania pale kaunta mpaka akanirushia mwingine, wa nyaya 80 kweli, akanitoza tena 5,000 na kukataa kuupokea ule wa kwanza. Nikaufunga nyumbani, na maandishi yaleyale yakatokea.

Safari ya tatu nilikwenda kwa shari. Bahati yake, aliyenipokea alikuwa kijana anayejifunza ufundi pale, ambaye aliniamkia kwanza, akanisikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza: “Mama, kichwa cha buluu umekichomeka wapi?” Nikamjibu kwenye diski. Akanieleza polepole kwamba cha buluu ni cha mazabodi, cheusi cha mwisho ni cha diski, na cha kijivu katikati ni cha diski ya pili ikiwapo, kwa sababu ndani ya kile cha buluu pekee tundu la 34 limeungwa na ethi, na hapo ndipo mazabodi hutambua aina ya utepe. Nilinyamaza. Kosa hilo lilikuwa langu, na tangu nilipogeuza utepe kompyuta inakwenda kama zamani.

Kwa hiyo nilikuwa nimekwisha kulainika, tena nilikusudia kuandika kwamba duka hilo halina ubaya. Lakini mwenye duka, aliyekuwa akisikiliza muda wote, aliangua kicheko akarudia kwamba waya ni waya, ilhali kijana wake ametoka kunionyesha kuwa hata vichwa vya utepe mmoja havifanani! Basi nasema hivi: ukimkuta kijana, nunua bila wasiwasi, ukimkuta bwana mkubwa peke yake, pita. Utepe wa kwanza ninao kwenye droo, na shilingi zangu 5,000 bado nazidai.