TAHADHARI: Fundi tapeli anayejidai kurejesha fimbo za kale za mianzi

Ndugu mnaovua samaki kwa nzi bandia, na wote mnaotunza fimbo za kale za mianzi za kuvulia, naandika kuwatahadharisha juu ya mtu anayejiita fundi wa kurejesha fimbo zilizoharibika, ambaye hadi leo anaendelea kupokea kazi na fedha za watu. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa shauri nimelifikisha polisi na nimeshauriwa nisiliharibu, lakini yeyote anayefahamiana nami akiniuliza faraghani nitamwambia bila kumung'unya maneno. Fimbo yenyewe ni ile ya Baba Mdogo. Wengi wenu mmewahi kuishika, na jinsi ncha yake moja ilivyovunjika mnajua, kwa hiyo sitarudia.

Wapo walioanza kunicheka. Naomba wasikie kwanza jinsi mtu huyu anavyozungumza, kisha waseme kama wao wangemshuku. Hakuanza kwa kutaja bei. Alianza kwa kuniuliza kama gundi iliyounganisha vibanzi sita vya mwanzi vinavyounda fimbo ni ile ya kale ya ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo huachia ikipata unyevu na joto, au ni moja ya gundi za viwandani zilizokuja baadaye, kwa sababu, alisema, kila moja ina matibabu yake. Alijua habari za Hiram Leonard, fundi wa Bangor, Maine, huko Marekani, aliyekuwa akitengeneza fimbo za vibanzi sita katika miaka ya 1870. Alijua kwamba mwanzi wa Tonkin, ndio unaotengenezewa fimbo hizi, hutoka Guangdong, kusini mwa China, na kwamba mtaalamu wa mimea McClure ndiye aliyeupa jina la kisayansi mwaka 1931. Alinieleza namna Marekani ilivyofunga biashara na China mwishoni mwa 1950, na jinsi watengenezaji wa huko walivyolazimika kutegemea mianzi waliyokuwa wameiweka ghalani hadi mlango ulipofunguliwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hayo yote ni kweli tupu, nimeyahakiki mwenyewe. Uongo wake aliuweka mwishoni kabisa, nyuma ya ukweli mwingi, na hapo ndipo ustadi wake ulipo.

Sasa nieleze jambo linaloniudhi kuliko fedha. Tulikuwa tunazungumza kwa simu, jioni, naye akaniomba nichukue kipande cha kati cha fimbo, nikiache na viungio vyake vya madini, vinavyounganisha vipande, kama kilivyo, nikisogeze karibu na sikio na kukipinda kidogo kidogo huku nikikizungusha, bapa moja baada ya jingine, yaani upande mmoja baada ya mwingine, mpaka mabapa yote sita yaishe. "Utasikia mlio mdogo, tiki," akaniambia, "na ukiusikia, simama hapohapo." Nilifanya hivyo kwa utiifu, simu nikiwa nimeibana begani. Bapa la kwanza kimya, la pili kimya, na nilipofika la tatu nikausikia mlio wenyewe, tiki, kama alivyonitabiria. Nikamwambia. Akanyamaza kwa muda, akashusha pumzi nzito kama mtu aliyepewa habari za msiba, halafu akasema, "Kaka yangu, gundi imeachia ndani. Ukirusha mshipi na fimbo hii mara chache zaidi, vibanzi vitafunguka." Mwili ulinisisimka. Nilimwona mganga wa fimbo, anayeweza kusikia ugonjwa kutoka mbali kupitia sikio la mtu mwingine.

Leo najua, kwa kuelezwa na fundi wa kweli, kwamba mlio ule ule hutolewa na kiungio kilicholegea kwenye mwanzi, na kwamba fimbo ya umri ule kukosa kiungio kilicholegea ni bahati kubwa. Ndiyo maana alisisitiza nisiviondoe viungio. Angeweza kumtabiria mlio huo mtu yeyote mwenye fimbo kuukuu, na kwa hakika anawatabiria wengi.

Baada ya kunitia hofu, alinivisha kilemba cha ukoka. Alisema ni nadra kukutana na mtu mwenye sikio kama langu, na kwamba wamiliki wengi hawastahili fimbo walizonazo. Kisha akaleta habari ya mzigo wa mianzi ya Tonkin ya zamani, iliyovunwa kabla ya 1950, iliyokauka vizuri, ambao alikuwa ameshaahidi kumuuzia mteja mwingine na alipaswa kumjibu usiku ule ule. Kwa ajili ya fimbo ya Baba Mdogo, alikuwa tayari kumnyima yule na kunipa mimi vibanzi vya kutosha kutengeneza ncha mpya. Alichohitaji ni nusu ya gharama ya kazi pamoja na fedha zote za mwanzi. Nilituma tukiwa bado kwenye simu. Alisubiri, akanisomea kwa sauti namba ya muamala ilipomfikia, akaniombea baraka. Baraka zake naziona sasa kuwa matusi.

Fimbo nilimpelekea na vipande vyake vyote kama ilivyokuwa: kipande cha shina, kipande cha kati, ncha iliyovunjika, na ncha ya pili iliyokuwa salama, kwa sababu alisema anahitaji kuipima ili ncha mpya ipungue unene kwa kipimo kile kile. Hoja hiyo nayo ni ya kweli, kwa maana ncha mbili za fimbo moja zilitengenezwa kuwa pacha, na mwenye kutaka kuunda iliyopotea hupima iliyobaki, inchi baada ya inchi. Akanitumia picha: mianzi imelala kwenye meza, randa ikiwa juu ya kalibu la chuma, vibanzi vimefungwa kwa uzi vikisubiri gundi ikauke. Mmoja wenu amenithibitishia wiki hii kwamba picha hizo ni za meza yake mwenyewe, na kwamba alizipiga kwa kazi yake isiyohusiana nami kabisa.

Kazi ilikwisha upesi mno. Nilipofungua bomba la kubebea fimbo nilikutana na harufu kali ya vanishi ambayo haijakauka sawasawa, na ndani yake fimbo inayong'aa kama mguu wa meza mpya. Nilipoipitisha vidoleni, kingo za pembe sita hazikuwepo. Alikuwa ameipiga msasa mpaka ikakaribia kuwa ya mviringo. Kwa wasiolijua jambo hili, nyuzi zenye nguvu za mwanzi zimesongamana sehemu ya nje kabisa, chini kidogo tu ya ganda, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo mwanzi unavyozidi kuwa laini. Fundi anayejua kazi huondoa vanishi ya zamani kwa kuikwangua taratibu kwa kisu au kwa kuilainisha kwa kiyeyushi, na huishia pale vanishi inapoishia. Anayepiga msasa mabapa huondoa uti wa fimbo, na hakuna gundi wala vanishi duniani inayoweza kuurudisha. Fimbo iliyovunjika ncha ingetengenezeka. Hii sasa haitengenezeki.

Kiungio jike, kile kinachopokea mwenzake ndani, nacho alikitoa kwa moto wa wazi, kwa kuwa mwanzi chini yake umeungua na kuwa mweusi. Zaidi ya hapo, hakujali kwamba viungio vingi vya kale vimepigiliwa pini ndogo inayopaswa kusukumwa itoke kwanza. Alikivuta na pini yake, akapasua mwanzi, kisha akaujaza ufa kwa gundi ngumu na kuufunika kwa uzi. Na uzi wenyewe aliuandika kwenye hesabu kuwa ni hariri. Niliukata mkia mdogo nikauwasha: hariri ikiungua hunuka kama nywele na kuacha jivu linalosagika, lakini huu uliyeyuka ukajikunja kuwa punje ngumu. Ni nailoni. Mtu amenidanganya hata kwenye uzi!

Hiyo "ncha mpya" ya mwanzi wa kabla ya 1950 ni ncha ya fimbo nyingine, iliyokatwa. Fimbo ya Baba Mdogo ilitengenezwa vipande vyote vikiwa na urefu sawa. Nilipovisimamisha pamoja mezani, ncha ilikuwa fupi kwa upana wa kiganja, na mafundo yake hayakulingana hata kidogo na yale ya vipande vingine. Ile ncha salama niliyompa aipime haikurudi. Pete ya akiki, iliyokuwa pete ya kwanza ya kupitishia mshipi kwenye kipande cha shina, haikurudi pia. Mahali pake amefunga pete ya waya ya kawaida. Nilipompigia kumuuliza, alisema akiki ilikuwa imepasuka na "kwa usalama wa mshipi" aliitupa. Nilipouliza habari za ncha, alikata simu, na tangu hapo namba yangu ameizuia.

Mtu huyu hafai kuachwa. Nasema hivi nikijua maneno yangu ni makali: mwizi wa kawaida huchukua kitu kikabaki kitu mahali pengine, lakini huyu huharibu kile anachoacha na kuiba kile kinachofaa, halafu anadai malipo ya kazi zote mbili. Kila kikundi cha wavuvi ambamo yumo kimfukuze, na kimfukuze kwa kutaja sababu, asije akasema aliondoka mwenyewe. Kila anayemuuzia mwanzi, viungio au uzi amfungie duka. Mahakama nayo, tutakapofika huko, imlazimishe kurudisha fedha na vifaa vya kila aliyemtapeli, na kama sheria ingeruhusu ningeomba akabidhiwe fimbo yangu aishike mbele ya watu na kueleza, bapa kwa bapa, alifanya nini na kwa nini. Wanaonishauri nimsamehe kwa sababu "ni fimbo tu" hawakumjua Baba Mdogo, na hawajawahi kuona mshipi ukitoka kwenye fimbo ile.

Mmeniuliza kama zilikuwepo dalili za utapeli wake. Zilikuwepo, ingawa kwa sasa hasira hainiruhusu kuzipanga vizuri. Hakuniomba picha za viungio kwa karibu wala vipimo vya vipande kabla ya kutaja bei. Hakunionyesha kazi yake hata moja kabla na baada, ila alinionyesha elimu yake. Haraka ya kutaka jibu usiku ule ule kwa mwanzi ambao sikuuona. Muda mfupi mno pia, kwa maana vanishi inayofaa hupakwa kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka husubiriwa ikauke ndipo inayofuata ipakwe, kwa hiyo anayekurudishia fimbo nzima kwa haraka ameruka kitu. Tena sikumsikia hata mara moja akisema kwamba sehemu fulani haitawezekana. Fundi yule mwingine, aliyenifungulia macho, sentensi yake ya kwanza ilikuwa kwamba kipande cha shina asingekigusa.

Kama una fimbo kwake sasa hivi, idai leo, hata kama kazi haijakwisha, na uidai pamoja na ncha zote mbili, pete zote na viungio vyote. Kabla hujampa mtu yeyote fimbo yako, piga picha ya kila kiungio, kila pete, na mafundo ya mwanzi kwa mpangilio wake katika kila kipande, kwa sababu mafundo hayo ndiyo pekee yaliyoniwezesha kuwathibitishia polisi kwamba ncha niliyorudishiwa si yangu.

Na mnaonunua vifaa vya kale: pete ya akiki ninayoitafuta ni ya rangi ya kahawia iliyoiva, imeshikwa na fremu ya madini meupe, na mguu wake mmoja umekatwa mfupi kuliko mwenzake. Ncha ile ambayo haikurudi ina viraka viwili vya uzi wa kijani karibu na kiungio, alivyovifunga Baba Mdogo kwa mkono wake. Mkiviona popote vikiuzwa, msimwambie muuzaji chochote. Niandikieni mimi kwanza.